Nyayo za Watoto katika Milima ya Alpi

Historia ya milima aghalabu huandikwa kwa majina ya watu waliofika kileleni. Husomwa katika vitabu kwamba tarehe 8 Agosti 1786 Jacques Balmat na Michel-Gabriel Paccard walisimama juu ya Mont Blanc, mlima mrefu kupita yote ya Alpi. Kwamba tarehe 14 Julai 1865 Edward Whymper na wenzake sita walifika juu ya Matterhorn, na wanne kati ya hao saba wakaanguka wakafa walipokuwa wakishuka. Na kwamba tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig, pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, walikanyaga theluji ya Kibo katika mlima Kilimanjaro. Ushujaa wa watu hao haukanushiki. Walakini kilele ni mahali padogo. Hapawezi kusimama watu wengi, na afikaye hapo hakai, bali hushuka kabla jua halijamchwea. Sehemu iliyo kubwa ya mlima i chini ya kilele: ni misitu, malisho, vijito, vijiji, na njia nyembamba ziunganishazo bonde moja na jingine. Huko ndiko walikopita watu wengi, na miongoni mwao watoto ambao majina yao hayakupata kuandikwa katika vitabu vya mashujaa.

Siku hizi, ikifika Jumapili ya kiangazi, baba, mama na watoto wa Uswisi, Austria, Bavaria na nchi jirani huvaa viatu vigumu, hubeba mikate, jibini na maji, wakaenda kutembea milimani tangu asubuhi hata alasiri. Hawaendi kuuza wala kununua, hawaendi kuchunga wala kukata kuni. Huenda kutembea tu, kisha hurudi. Waswahili husema kwamba mtembezi hula miguu yake, na maneno hayo wangeyakubali hata wakulima wa Alpi wa zamani, ambao mwendo usio na kazi kwao ulikuwa upotevu wa nguvu. Kwa sababu hiyo desturi hii, ijapokuwa leo yaonekana kuwa ya asili kama majani ya malisho, haikuzaliwa na milima. Ilijengwa na watu kwa muda mrefu, kwa elimu, kwa mashindano na kwa sheria, na kabla ya kuwa njia ya furaha ilikuwa njia ya hofu na ya njaa.

Hofu ndiyo iliyotangulia. Juu ya mji wa Lucerne katika Uswisi uko mlima uitwao Pilatus. Watu wa kale waliamini kwamba maiti ya Pontio Pilato ilitupwa katika ziwa dogo la mlimani huko, na kwamba roho yake ikichokozwa huleta dhoruba na mafuriko. Serikali ya mji iliwakataza watu kuliendea ziwa hilo, na mwaka 1387 makasisi sita walitiwa kifungoni kwa sababu ya kujaribu kupanda. Katazo hilo halikuwa mchezo: mafuriko yalikuwa ya kweli, na mtu asiyejua chanzo cha msiba wake humtafutia mkosaji. Mwaka 1585 padri wa mji alipanda na watu wengine akatupa mawe katika ziwa ili aijaribu roho hiyo. Hapakutokea dhoruba wala mafuriko. Hata hivyo hofu haikutoweka mara moja, kwani mwanzoni mwa karne ya 18 Johann Jakob Scheuchzer, mganga na mwanachuoni wa Zürich, alikusanya kwa uangalifu habari za majoka yaliyosemekana kuonekana katika mapango ya Alpi, na kitabu chake kikapambwa kwa picha za majoka hayo.

Elimu ilianza kuilegeza hofu. Conrad Gessner, mwanachuoni wa mimea na wanyama wa Zürich, aliandika katika barua ya mwaka 1541 kwamba amekusudia kupanda angalau mlima mmoja kila mwaka, wakati mimea imechanua, kwa ajili ya elimu na kwa ajili ya afya ya mwili na furaha ya roho. Mwaka 1555 alipanda Pilatus kwa ruhusa ya wakuu wa mji. Karibu miaka mia mbili baadaye Albrecht von Haller wa Bern, aliyekuwa mganga na mshairi, alitunga utenzi mrefu juu ya Alpi, ukachapishwa mwaka 1732. Ndani yake aliwasifu watu wa milimani kwa maisha ya uhuru na ya kiasi, akayalinganisha na anasa na fitina za mijini. Mwaka 1761 Jean-Jacques Rousseau wa Geneva alitoa riwaya yake ya Julie, na wasomaji wa Ulaya nzima wakatamani kuiona nchi iliyo kando ya ziwa na chini ya theluji. Tangu hapo mlima ulianza kuhesabiwa kuwa kitu kizuri, ilhali zamani ulihesabiwa kuwa kasoro katika uso wa dunia.

Lakini sifa za washairi ni jambo moja, na chakula cha mlimani ni jambo jingine. Katika kinywa cha mwenyeji wa milima neno Alp halikuwa na maana ya kilele kinachong'aa, bali malisho ya juu ambako ng'ombe hupelekwa wakati wa kiangazi. Malisho hayo yalikuwa machache, na mashamba yalikuwa madogo. Katika sehemu za magharibi za Tirol shamba la baba liligawanywa kwa watoto wote, na wana wao wakagawanya tena, hata fungu la mtu halikutosha kulisha nyumba. Ndipo ikazuka desturi ambayo washairi hawakuiimba. Tangu karne ya 17 hata mwanzo wa karne ya 20, watoto wa maskini wa Tirol, Vorarlberg na Graubünden walitumwa kila mwaka kuvuka milima kwenda Swabia ya Juu, katika nchi ya Ujerumani, wakafanye kazi ya kuchunga na kutumika katika mashamba ya matajiri. Waliitwa watoto wa Swabia.

Walitoka makwao katikati ya mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imelala katika njia za juu. Wengine walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili au kumi na minne, na wengine hawakuzidi miaka saba au minane. Aghalabu padri au mtu mzima mmoja aliwaongoza kundi zima, wakaenda kwa miguu siku kadhaa, wakilala katika mazizi na majumba ya watawa, na kula walichopewa na wasamaria wema. Waliotoka Tirol walipanda Arlberg, penye urefu wa mita 1,793, kwa viatu vibovu na nguo nyepesi. Walipofika Ravensburg au Friedrichshafen walisimama sokoni, na wakulima wakapita wakiwatazama, wakiwauliza umri na nguvu zao, wakapatana bei. Ujira wao wa msimu ulikuwa fedha kidogo na nguo mpya seti mbili. Vuli ilipofika walirudi kwao kwa njia ile ile. Aliyepata bwana mwema alirudi amenenepa, na nyumbani kwao palikuwa pamepungua kinywa kimoja miezi yote ya kiangazi. Aliyepata bwana mkali alirudi na makovu, na wengine hawakurudi.

Mtu asiyaone mambo haya kuwa ukatili wa wazazi. Njaa ni hakimu asiyesikiliza rufani, na mama aliyemfunga mwanawe mzigo mgongoni mwezi wa Machi alikuwa akimchagulia yaliyo nafuu kati ya mabaya mawili. Lakini sheria ilikuwa na lawama, kwani Austria ilikuwa imewalazimisha watoto wote kusoma tangu mwaka 1774, na bado watoto hawa waliachwa watoke shuleni kila msimu ukiwadia. Mwaka 1884 njia ya reli ilitobolewa chini ya Arlberg, mwendo wa theluji ukapungua. Mwaka 1891 mapadri wa Tirol waliunda chama cha kuwalinda watoto hao na kuwaandikia mikataba. Mwaka 1908 habari za soko lao zilifika katika magazeti ya Marekani, yakalilinganisha na soko la watumwa. Soko la wazi likakomeshwa mwaka 1915, na mwaka 1921 serikali ya Württemberg iliwalazimisha hata watoto wa kigeni kwenda shule. Mkulima hakuwa na faida tena ya kumwajiri mtoto ambaye asubuhi yake ni ya mwalimu, na desturi ile ya karne tatu ikanyauka kwa kanuni moja ya shule.

Wakati watoto hao walipokuwa wakivuka Arlberg, watoto wengine walikuwa wakitembea katika Alpi za magharibi kwa sababu nyingine kabisa. Rodolphe Töpffer wa Geneva alitaka kuwa mchoraji kama baba yake, lakini ugonjwa wa macho ukamzuia, akawa mwalimu. Katika mwaka 1824 alifungua shule ya bweni, na kila mwaka aliwachukua wanafunzi wake kwa safari ya miguu kupitia milima na mabonde ya Uswisi, Savoy na Italia ya kaskazini. Mkewe alifuatana nao mara nyingi, hata msafara ukawa na sura ya jamaa kubwa. Kila mtoto alibeba mfuko wake mwenyewe. Walinyeshewa, walipotea njia, walilala mahali pabaya na kula vibaya, na yote hayo Töpffer aliyaandika na kuyachora kwa mzaha mwema katika kitabu chake cha safari za pindapinda kilichotoka mwaka 1844. Fundisho lake lilikuwa jepesi: uchovu ni bei ya raha, na mtu asiyelipa bei hiyo haijui ladha ya mkate wala ya kitanda. Alimwona mtoto kuwa msafiri kamili, mwenye macho ya kuona na miguu ya kufika, wala si mzigo wa watu wazima.

Haya ni makundi mawili ya watoto wa karne moja. Wote walikwenda kwa miguu, wote walibeba mizigo yao, wote waliongozwa na mtu mzima mmoja, wote walionja mvua na njaa. Lakini watoto wa Töpffer walikuwa wana wa matajiri wa Geneva na wa nchi za mbali. Njaa yao ilikwisha walipofika kwenye nyumba ya wageni, na safari yao ilikwisha walipoichoka. Njaa ya watoto wa Swabia ilikuwa imewatangulia na ikawangojea nyuma. Tofauti yao haikuwa katika njia, wala katika mlima. Ilikuwa katika uwezo wa kurudi nyumbani wakati wowote.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 milima ilipata wageni wengi. Waingereza waliunda chama cha wapanda milima mjini London mwaka 1857. Waaustria wakafuata mwaka 1862, Waswisi na Waitalia mwaka 1863, Wajerumani mwaka 1869. Vyama hivyo vilichora ramani, vikatengeneza njia na kujenga vibanda vya kulala wageni karibu na mito ya barafu. Mwaka ule ule wa 1863 Thomas Cook aliwaongoza Waingereza kwa mara ya kwanza katika safari ya kuitembelea Uswisi. Mwaka 1871 Niklaus Riggenbach alifungua juu ya mlima Rigi reli yenye safu ya meno katikati, ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya, na mwaka 1912 reli nyingine ikafika Jungfraujoch, mahali penye urefu wa mita 3,454. Mwingereza Leslie Stephen alikwisha kuziita Alpi uwanja wa michezo wa Ulaya katika jina la kitabu chake cha mwaka 1871.

Jina hilo lilikuwa zuri, lakini lilificha swali: uwanja huo ni wa nani? Safari ilihitaji nauli, siku nyingi na mwongozaji wa kulipwa. Mwenyeji alikuwapo katika uwanja, lakini kama mbeba mizigo, mwongozaji, mtumishi wa hoteli au muuza maziwa. Mwanamke naye alitazamwa kwa shaka, ijapokuwa Marie Paradis alifika juu ya Mont Blanc mwaka 1808, na Henriette d'Angeville mwaka 1838, na Lucy Walker juu ya Matterhorn mwaka 1871. Chama cha Uswisi kiliwafungia wanawake mlango kwa azimio la mwaka 1907. Wakaunda chama chao wenyewe mwaka 1918, na vyama hivyo viwili havikuungana mpaka mwaka 1980. Ni vigumu jamaa nzima kwenda mlimani pamoja ikiwa mama hatambuliwi kuwa mtu wa mlimani.

Mlango wa maskini ulifunguliwa kutoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika mitaa ya wafanyakazi ya Vienna. Mwezi wa Machi 1895 tangazo dogo lilitokea katika gazeti la wafanyakazi, likiwaita wapendao maumbile wakutane. Walioliweka walikuwa Georg Schmiedl, mwalimu, Alois Rohrauer, mhunzi, na kijana mwanafunzi wa sheria aitwaye Karl Renner. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha Marafiki wa Maumbile. Mfanyakazi wa siku zile alikaa kiwandani tangu alfajiri hata usiku, na akalala katika chumba kimoja na jamaa yake yote; siku yake moja ya mapumziko aliimalizia katika kilabu cha pombe, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Chama kiliwapa ramani, mwongozo, nauli ya pamoja na watu wa kufuatana nao. Salamu yao ilimaanisha kwamba mlima u huru, na haikuwa salamu tupu, kwani sehemu nyingi za misitu na milima zilikuwa za mabwana wawindaji waliozikataza kwa vibao na walinzi. Mwaka 1907 walifungua nyumba yao ya kwanza ya mlimani huko Padasterjoch katika Tirol.

Hapo jambo moja lilidhihirika, nalo ni kwamba kizuizi kikubwa cha maskini hakikuwa mteremko wala theluji, bali saa. Asiye na siku hana mlima. Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha na ufalme wa Habsburg ukavunjika, Karl Renner, yule mwanafunzi wa tangazo, alikuwa mkuu wa serikali ya jamhuri mpya ya Austria. Katika mwaka 1919, chini ya serikali yake, ilipitishwa sheria iliyompa mfanyakazi likizo ya wiki moja yenye malipo baada ya mwaka mmoja wa kazi. Ufaransa ilitoa wiki mbili katika mwaka 1936. Kwa mara ya kwanza katika historia mhunzi aliweza kumshika mwanawe mkono akampeleka mlimani siku ya kazi, wala asipoteze ujira. Sheria hizo hazitajwi katika vitabu vya wapanda milima, lakini ziliwafikisha watu wengi milimani kuliko kamba na shoka za barafu.

Walakini mlango uliofunguliwa kwa mkono mmoja ulifungwa kwa mkono mwingine. Katika mwaka 1921 tawi kubwa la Vienna la chama cha wapanda milima cha Wajerumani na Waaustria, lililoongozwa na Eduard Pichl, liliwafukuza Wayahudi kwa kanuni ya nasaba. Waliofukuzwa, pamoja na wenzao waliochukizwa na jambo hilo, waliunda tawi lao liitwalo Donauland. Na mwaka 1924 chama kizima kikalitoa tawi hilo. Milango ya vibanda kadhaa ikabandikwa matangazo ya kuwakataa Wayahudi. Mtoto wa Kiyahudi wa Vienna, aliyezaliwa mbele ya milima ile ile, alijifunza kwamba hata mvua ikinyesha asibishe hodi. Waenezi wa chuki hawakungoja dola ili waanze; walianza katika kibanda cha mapumziko, miaka mingi kabla ya Hitler kushika Austria. Zamu ya wafanyakazi ilifuata: Marafiki wa Maumbile walipigwa marufuku Ujerumani mwaka 1933 na Austria mwaka 1934, na nyumba zao zikatwaliwa. Hata walipofufuka baada ya mwaka 1945, wengi wa wanachama wao wa zamani hawakuwapo tena.

Miaka hiyo hiyo ya kiza Uswisi ilikuwa ikizaa kitu kidogo kilichodumu. Johann Jakob Ess alikuwa mwalimu wa shule huko Meilen, karibu na Zürich. Inasimuliwa kwamba alikuwa na wanafunzi wake katika matembezi ya shule kwenye mlima Klausen, nao wakalazimika kwenda kandokando ya barabara kuu, wakimeza vumbi na moshi wa magari. Barabara hiyo ilikuwa mashuhuri sana kwa magari, hata mashindano ya mbio yalifanyiwa huko tangu mwaka 1922 mpaka 1934. Njia za zamani za miguu zilikuwa zimefanywa barabara za magari, na mtu wa miguu amekuwa mgeni katika njia ya babu zake. Ess hakuishia kunung'unika. Mwaka 1933 alianza kazi katika jimbo la Zürich, na Desemba 1934, pamoja na Otto Binder, akaanzisha chama cha taifa cha njia za matembezi. Kazi yao ilikuwa kutafuta njia zisizo na magari, kuziunganisha, na kuziwekea vibao vya rangi ya manjano vyenye maandishi meusi, vya namna moja nchi nzima. Vita Vikuu vya pili vilipotokea jeshi liliamuru vibao viondolewe, ili adui asisaidiwe kuijua nchi. Vita vilipokwisha vikarudishwa.

Kibao hicho chastahili kutazamwa kwa makini, maana kina hekima. Hakimwambii mtu umbali, bali muda. Muda huo hupimwa kwa mwendo wa kilomita 4.2 kwa saa mahali palipo sawa, kisha huongezwa kwa kadiri ya mpando na mteremko, wala hauhesabu mapumziko. Tena rangi zake ni onyo. Manjano peke yake ni njia isiyodai ujuzi maalumu. Alama nyeupe, nyekundu na nyeupe ni njia ya mlimani, idaiyo mguu thabiti na kichwa kisichopata kizunguzungu. Nyeupe, buluu na nyeupe ni njia ya watu wazoefu wa miamba na barafu. Kwa njia hii mama asiyepata kuuona mlima aweza kusoma, kuhesabu na kuamua. Atazidisha muda kwa ajili ya miguu mifupi, ataongeza nafasi ya kula na ya kutupa mawe kijitoni, ataacha akiba ya saa mbili kwa ajili ya dhoruba ya alasiri, maana katika Alpi mawingu ya kiangazi hukusanyika mchana. Mwenda pole hajikwai. Maarifa ambayo zamani yaliuzwa na mwongozaji yakawa mali ya kila ajuaye kusoma.

Njia bila haki ya kupita si njia. Kwa bahati sheria ya Uswisi ilikuwa imetangulia: kanuni kuu ya sheria za raia ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika mwaka 1912, ilimruhusu kila mtu kuingia misituni na malishoni kwa kadiri ya desturi ya mahali, hata kama ardhi ina mwenyewe. Katiba ya Bavaria ya mwaka 1946, iliyoandikwa kwa mkono mkubwa wa Wilhelm Hoegner aliyekuwa mkimbizi katika Uswisi zama za Hitler, ilimpa kila mtu haki ya kuufurahia uzuri wa maumbile na kuingia katika misitu na malisho ya milimani. Austria ilifungua misitu kwa matembezi ya watu wote kwa sheria ya mwaka 1975. Tena mwezi wa Februari 1979 raia wa Uswisi waliulizwa kwa kura kama ulinzi wa njia za miguu uandikwe katika katiba yao, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura wakakubali. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1985, ikaanza kutumika mwaka 1987: anayeiharibu njia ya miguu kwa barabara au jengo sharti atoe nyingine badala yake. Leo njia hizo zina urefu wa kilomita 65,000 hivi, zisizopungua sana kuliko barabara za magari za nchi hiyo.

Yafaa kuyapima mambo haya bila kuyapamba. Haki ya kupita haikuifanya milima kuwa salama, na haikuifanya kuwa ya milele. Hewa ya dunia inapopata joto, mito ya barafu hurudi nyuma na miamba iliyoshikamanishwa na barafu hulegea. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya barafu yake yote. Tarehe 28 Mei 2025 mto wa barafu ulioelemewa na mawe uliporomoka juu ya kijiji cha Blatten katika bonde la Lötschental, ukakifukia karibu chote. Wakazi wake, wapatao mia tatu, walikuwa wamehamishwa siku chache kabla kwa sababu wataalamu waliusoma mlima na wakuu wakasikiliza. Njia nyingi zimehamishwa, na nyingine zitafungwa. Watu wa Lucerne wa mwaka 1387 walimdhania Pilato kuwa chanzo cha mafuriko. Watu wa leo wanakijua chanzo, na kwa hiyo hawana roho ya kuitupia lawama.

Tena si kila mtoto apitaye katika Alpi leo hupita kwa furaha. Katika miaka ya karibuni wakimbizi, na watoto wao pamoja nao, wamevuka usiku vipito vya milima kati ya Italia na Ufaransa, katika theluji, kwa viatu visivyofaa, na baadhi yao wamekufa huko. Vibao vya matembezi vi pale pale, na muda ulioandikwa ni ule ule kwao na kwa jamaa iliyokuja kupumzika. Hapo ndipo inapoonekana kwamba tofauti iliyokuwapo kati ya watoto wa Töpffer na watoto wa Swabia haikufutwa na miaka. Imebadili tu watu wake.

Basi historia ya matembezi ya jamaa katika Alpi si historia ya starehe peke yake. Mwanachuoni aliondoa joka, mwalimu akamwamini mtoto, mhunzi akadai mlima, bunge likatoa siku, kanuni ya shule ikalifunga soko la watoto, na kibao cha manjano kikamwonyesha asiyejua njia. Kila mmoja alifanya kipande chake, na aghalabu hakujua kipande cha mwenzake. Mtoto wa leo anayepanda Arlberg akiwa na chakula mfukoni, akilalamika kwamba miguu inamwuma na kuuliza kama wamekaribia, hajui kwamba manung'uniko yake yamegharimu miaka mia tatu. Mtoto wa mwezi wa Machi, aliyepita hapo akielekea Ravensburg, naye miguu ilimwuma. Lakini hakuwa na mtu wa kumwuliza kama watageuka warudi nyumbani.